Samaki Nisiowala

Machi 13, Alhamisi

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya kibanda kinachonuka samaki kuanzia sakafu hadi mabati. Nimefungua dirisha, nimefungua mlango, nimepiga deki nikarudia. Harufu haijali. Imeingia kwenye mbao, imeingia kwenye blanketi la Makau, na kesho itakuwa kwenye kitambaa changu cha kichwa.

Daftari hili nimepewa na Mbinya, msichana wetu. Aliniambia jana tukiwa nyumbani Mwiki, "Mum, badala ya kutupigia simu ukilalamika, si uandike?" Basi naandika.

Mambo yenyewe ni haya. Mume wangu Makau ni mlinzi wa kijito cha Kanyiriri, huku juu ya Thika ambako majani chai yanaishia na msitu unaanza. Kuna klabu ya watu wanaopenda kuvua samaki aitwaye trauti kwa ufito na nzi wa bandia, yaani manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoano ili yafanane na mdudu. Makau huwachungia mto, huwaonyesha njia, na huwafukuza wezi wa samaki. Mwisho wa Februari aliteleza kwenye mawe akavunjika paja. Zacharia, jirani wa huku msituni, alimbeba mgongoni hadi barabara ya lori za majani chai. Sasa Makau amelala nyumbani na vyuma mguuni.

Mwenyekiti wa klabu, mzee Musau, alikuja kumwona akasema kazi atawekewa hadi siku ya wanachama mwisho wa Juni, mradi mtu wa nyumba yake ashike mto, na siku hiyo samaki wawepo. Wasipokuwepo, klabu itauacha huu mto itafute mwingine, na Makau atakuwa hana kazi tena. Mbinya yuko kwenye mafunzo kiwandani Thika, hawezi kuacha. Nikabaki mimi.

Na mimi samaki siwezi. Nililelewa na cucu wangu, yaani nyanya yangu, na kwake samaki alikuwa ni nyoka aliyezoea maji. Hatukumla, hatukumgusa, na akitajwa mezani chakula kilisukumwa kando. Tangu tuoane Makau hupika samaki wake nje, kwenye sufuria yake yenye alama ya rangi nyekundu, na huiosha mwenyewe. Hivyo ndivyo tumeishi kwa amani.

Machi 14

Zacharia amekuja kunisalimu na chupa ya maziwa. Ni mtu mrefu, mpole, ana ng'ombe wachache ukingoni mwa msitu. Alisimama nje ya mlango, hakutaka kuingia.

"Shemeji, pole. Hii kazi si ya mtu kama wewe."

Nilimwuliza kama yeye huwala hawa samaki, kwa sababu anakaa nao karibu.

"Mimi? Aai. Hiyo kitu ikiniangalia na hayo macho, narudi kwangu."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nipande huku. Nimepata angalau mtu mmoja mwenye akili timamu.

Machi 20

Mvua imeanza. Mtandao wa simu unapatikana ukisimama kwenye kisiki nyuma ya choo, mahali pengine hapana, kwa hivyo masomo yangu ya uvuvi nayapata nikiwa nimeziba pua.

"Usisimame wima," Makau ananiambia kutoka kitandani. "Piga magoti. Huo mto ni mdogo, samaki anakuona kabla wewe hujamwona."

"Nipige magoti kwa matope?"

"Kwa matope. Sikiza. Samaki anaangalia kule maji yanatoka. Wewe unamjia na nyuma, kutoka chini. Unatupa nzi mbele yake, si kwa kichwa. Kivuli chako kikianguka kwa maji, rudi tu kibandani unywe chai, hapo hakuna kitu tena."

Anaongea kama mtu anayenieleza jinsi ya kuingia kwa mfalme. Ni samaki. Nimemwambia hivyo, akakata simu.

Machi 29

Wageni wanne Jumamosi hii. Trauti wawili. Nililazimika kushika neti. Sitaki kuandika zaidi.

Aprili 4

Leo nimefanya usafi wa maana. Makau ana masanduku ya nzi wake, amewapanga kwa saizi, na kila sanduku ukilifungua linakupiga na ule uvundo wa kamasi ya samaki iliyokauka. Nimewamwaga wote kwenye beseni, nikawaloweka kwa sabuni ya unga, nikawasugua kwa mswaki wa zamani, nikawaanika juani juu ya gunia. Sasa wananukia vizuri. Nikamaliza nikasikia nimefanya kitu cha binadamu.

Aprili 5

Wageni walitoka mtoni wakiwa wamenuna. Nzi wote wanazama. Kumbe wale wa kuelea juu huelea kwa sababu ya mafuta fulani kwenye manyoya, na sabuni imeyaondoa yote. Mzee Musau ni mtu wa heshima, alikuwa mhandisi, hakunigombeza. Alichukua nzi mmoja, akamnusa, akasema, "Mama Mbinya, huyu ananuka kama shati langu la kanisa," akaenda zake.

Ila mambo yakageuka. Idah, yule mama wa benki ya Thika anayekuja na msichana wake mdogo, aliendelea kuvua na nzi wangu waliozama, akapata watatu kwenye maji ya rangi ya udongo ambamo wengine hawakupata hata mmoja. Nilimweleza Makau. Alicheka hadi Mbinya akaja kuuliza kuna nini. Akasema mto ukichafuka samaki hukaa chini kabisa, karibu na ukingo, na haoni kinachopita juu. Unamtafutia nzi mkubwa, mweusi, mzito, unampitisha pole pole chini ya mdomo wake.

"Kuwazamisha hao huwa kazi ya siku mbili, wewe umeifanya bila kujua," akasema.

Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi, kisha nikanusa vidole vyangu.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Niko nyumbani. Zacharia ametuma samaki wawili kwa pikapu ya maziwa, wa Makau, wapate kumpa nguvu. Hii ni mara ya tatu. Mbinya hayupo, Makau hawezi kuchuchumaa, kwa hivyo nimewapasua mimi. Naandika ili iwe kumbukumbu ya upendo wangu. Matumbo ni ya rangi isiyo na jina. Mmoja alikuwa amemeza mdudu mzima mwenye miguu. Midomo yao imechanika pale ndoano ilipoingia, na kidole changu kilipita hapo, nikaacha kisu nikatoka nje nikasimama kwa jirani.

Makau aliwala wote bila kunitazama. Nilidhani atafurahi. Nikamwuliza, kwa kuwa sikuwahi kumwuliza vizuri, siku ile aliteleza vipi, mtu ambaye amepita kwenye yale mawe maisha yake yote.

"Niliteleza," akasema, akageukia ukuta.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Waruguru mke wangu, mtu anateleza. Zacharia amekuwa ndugu kwangu. Hiyo ndio unafaa kukumbuka."

Sikuwa nimesema lolote juu ya Zacharia.

Aprili 25

Mvua. Mvua. Choo kimeanza kujaa maji.

Mei 3

Nimeshinda mvunguni mwa vichaka nikijifunza kutupa ule uzi bila kunasa kwenye miti. Mto wenyewe una upana wa chumba chetu cha kulala, na matawi yamefunika juu, kwa hivyo ile mikono mirefu ya kurusha nyuma na mbele ambayo wageni hupenda kuonyesha haina kazi hapa. Unavuta nzi nyuma kwa vidole, ufito unapinda, unaachilia, anaruka mbele chini ya matawi. Nimenasa kitambaa changu mara nyingi kuliko nilivyofika majini.

Sehemu ya chini ya mto, kuanzia maporomoko hadi daraja la mbao, haina kitu. Wageni wawili wamelalamika. Zacharia anasema ni fisi maji, wale wanyama wa mtoni wanaokula samaki. Amesema ameona nyayo zao. "Hao wanakula usiku kucha, shemeji. Hawaachi." Basi nimekuwa nikipita pale nikitafuta fisi maji nimpige jiwe.

Mei 10

Mzee Musau amepiga simu. Anauliza kama kweli mto bado una samaki. Nilisema uko nao. Sijui kama nilidanganya.

Mei 17

Nimeshika samaki.

Siandiki kwa furaha. Mvua iliacha kunyesha juzi, na leo maji yalikuwa yameanza kutulia, rangi ya chai ya rangi, ambayo Makau anasema ndiyo bora kuliko zote: samaki anaona nzi lakini hakuoni wewe. Hakukuwa na wageni. Nilienda juu ya maporomoko, mahali pasipofikiwa na wengi kwa sababu lazima upande ukishika mizizi. Nilipiga magoti kwenye changarawe. Maji baridi yalipita juu ya gambuti yakaingia, nikatukana kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini ili nisimtishe mtu nisiyemtaka hata kidogo.

Kuna mwamba pale, na nyuma yake kuna mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na maji ya pole. Nimeambiwa juu ya huo mstari mara nyingi hadi naota. Samaki anakaa upande wa pole, asitumie nguvu, anangojea chakula kiletwe na upande wa kasi. Nilitupa nzi mweusi juu ya mwamba, nikamwacha ashuke. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu uzi ulisimama, nikadhani nimenasa jiwe, nikavuta kwa hasira.

Jiwe likavuta nami.

Sitasema uongo, hapo nilisahau kila kitu, baridi, magoti, cucu. Alikimbia chini, akakimbia juu, akaruka. Nikamleta kwenye neti. Halafu nikamwona. Ana madoadoa kama mtu mwenye ugonjwa, na ubavuni ana mstari wa rangi ya waridi, na mdomo unafunguka na kufunga bila sauti. Ilibidi nimshike kumtoa ndoano. Anateleza kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Alijipinda kwenye kiganja changu, nikamtupa majini pamoja na yowe langu, nikanawa mikono kwa mchanga hadi ikawa myekundu.

Nilipomweleza Makau, alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu avunjike, "Ulimwachilia."

"Nilimtupa. Alikuwa ananichukiza."

"Ni sawa. Ulimwachilia."

Mei 24

Habari zimefika kwa klabu kwamba nawarudisha samaki majini. Idah amenipongeza. Anadhani napenda mazingira.

Mei 31

Nimekuwa nikifikiria juu ya Makau. Miaka yote hii alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa wiki akiwa amechoka, nami nilikuwa nikiwaambia wenzangu pale sokoni kwamba mume wangu analipwa kwa kulala kando ya maji. Niliamini hivyo. Sasa najua analala wapi na magoti yake yanakuwaje. Najua kwamba lazima uamke maji yakiwa bado na baridi, kwamba lazima upite ukingo wote, utoe matawi yaliyoanguka, uangalie mitego ya watu, uangalie rangi ya maji, na kwamba hakuna anayekuona ukifanya. Nilimwambia kwa simu kwamba namheshimu. Aliniuliza kama nimekunywa kitu.

Juni 7

Sehemu ya chini bado tupu. Juu ya maporomoko wapo. Nimeuliza Makau, fisi maji anaweza kumaliza samaki wote kwenye nusu ya mto na asile hata mmoja wa juu? Alikohoa. Akasema anaweza.

Juni 14

Baridi ya Juni imefika na ukungu haupandi hadi mchana. Maji yamekuwa safi kabisa, jambo baya. Kwa maji kama haya unahitaji nzi mdogo asiyeonekana, uzi mwembamba, na uvumilivu. Nina nzi mdogo na uzi mwembamba.

Juni 20

Siku ya wanachama ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kuna desturi yao: chakula cha mchana lazima kiwe trauti wa mto wenyewe, na ni mlinzi anayewaandaa siku moja mbele, mmoja kwa kila mgeni. Makau alikuwa akiwavua mwenyewe asubuhi ya Ijumaa. Mimi nimeshashika watatu tangu Mei, na wote nimewatupa. Sasa natakiwa nishike sahani nzima, niwapige kichwani, niwapasue.

Nilikuwa nimekaa mlangoni na huo mzigo Zacharia alipopita.

"Shemeji, hiyo niachie," akasema. "Najua vile unasikia. Mimi nitaleta Jumamosi asubuhi, wewe ukaange tu."

Ningeweza kumkumbatia. Sikumwuliza atawatoa wapi au kwa njia gani. Sikutaka kujua chochote zaidi juu ya samaki.

Juni 28, Jumamosi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mbinya alimleta Makau kwa teksi hadi geti la msitu na akapanda kwa magongo, mara yake ya kwanza kuuona mto tangu Februari. Alisimama akautazama. Alikuwa na machozi na hakuyaficha. Mzee Musau alifika, Idah akafika na msichana wake, na wengine watatu. Zacharia alikuwa ameacha gunia la samaki kwenye baraza kabla sijaamka, akaenda kukamua.

Asubuhi niliwapeleka wageni juu ya maporomoko. Niliwapigisha magoti, mzee Musau pamoja na suruali yake nzuri, na wote walipata, wakarudisha. Mzee alinishika mkono akasema huu mto hawauachi, kazi ya Makau ipo. Nilifurahi, nakiri. Miezi yote ya harufu ile ilikuwa imefika mahali.

Kisha nikashuka kwenda kuchota maji ya kupikia pale chini ya daraja, kwa sababu bomba la kibanda limeziba. Kaa walikuwa wametoka majini. Kaa wadogo wa mtoni, wamelala migongo juu ya mawe, wamekufa, na vyura kati yao, matumbo juu. Sikuelewa. Nilifikiri ni baridi. Nikarudi na ndoo yangu tupu, nikatumia maji ya mvua ya kwenye pipa.

Nikafungua gunia. Lilikuwa na harufu nyingine chini ya ile ya samaki, na nilijua harufu hiyo kabla sijalikumbuka jina lake. Niliosha wa kwanza, wa pili, nikawakaanga nikiwa nimegeuza uso. Wa tatu alinitoka mkononi akaanguka, nikamwokota kwa kumshika mdomo. Mdomo ulikuwa mzima. Nikaangalia wa nne. Mzima. Niliangalia wote, mimi ambaye siwezi kuwatazama, niliwafungua mmoja mmoja kwa kidole. Hakuna aliyechanika. Wote walikuwa wameacha vinywa wazi, kama watu waliokosa hewa. Na harufu ile ilikuwa dawa ya kupe, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtu alikuwa ameimwaga mtoni akawaokota wakielea.

Nilipotoka nje na mwiko mkononi, sahani ya kwanza ilikuwa imeshapelekwa mezani na Mbinya, na watu walikuwa wakigawana. Zacharia alikuwa amerudi, amesimama kando akizungumza na Makau.

"Msile," nikasema. "Hawa samaki wana sumu."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Mzee Musau alisema, "Mama Mbinya, tunajua wewe na samaki." Idah akasema kwamba hata mama mkwe wake yuko hivyo hivyo, akimwona samaki anasema ni sumu. Nilisema tena. Nikasema kaa wamekufa pale chini, nikasema dawa ya kupe, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kutabasamu, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisikia nikimsema samaki vizuri. Idah alikuwa akimtolea msichana wake miiba.

Zacharia aliangalia viatu vyake. Na yeye hangeombwa kuonja, kwa sababu kila mtu anajua hali samaki.

Nikamgeukia mume wangu. Makau ndiye mtu mmoja mahali pale ambaye wangemwamini. "Makau, angalia mdomo wa huyo. Waambie."

Alimtazama samaki. Alimgeuza kwa uma, nikaona ameona. Kisha akamtazama Zacharia. Na mume wangu, mbele yangu, akakata kipande akakiinua.

Sijui kilikuwa kimefika umbali gani. Zacharia aliruka akaipiga ile sahani, ikaenda na samaki na kila kitu.

"Wacha, Makau," akasema. "Hii si kama zile nilikuwa nakuletea."

Hapo ndipo Idah alipompokonya mtoto uma.

Juni 29, Jumapili

Sikwenda kanisani. Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Zacharia hakukimbia. Alikaa kwenye baraza hadi mzee Musau alipowaita askari wa msitu, akawaeleza yote mwenyewe: mwanzo alikuwa na wanunuzi wa samaki wawili watatu Thika, wakataka zaidi, na dawa alikuwa nayo nyumbani. Aliimwaga chini ya maporomoko tu, na safari hii, kwa kuwa pale palishaisha samaki, aliishusha hadi chini ya daraja. Watu wa kule chini ya daraja wanachota maji ya kupika ugali.

Leo asubuhi nimemwuliza Makau, na safari hii hakugeukia ukuta. Ile siku ya Februari alikuwa akimkimbiza mtu aliyemkuta na mtungi kwenye maji. Akateleza. Alilala pale na paja limevunjika, akipiga kelele, na yule mtu akarudi, akaweka mtungi chini, akambeba mgongoni.

"Angeniacha," Makau akasema. "Hakuna mtu angejua. Alirudi. Sasa wewe niambie, ningeanza aje kumsema?"

"Kwa hivyo fisi maji."

"Ningesema nini, Waruguru?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nikipiga magoti kwenye maji ya barafu, nikitafuta samaki ambao yeye alijua wameuawa, nikiwabebea mawe wanyama ambao hawakuwepo. Nilimwambia ananichukiza. Nilisema kwa upole kwa sababu ni kweli.

Julai 5

Klabu imefunga sehemu ya chini hadi mto upone. Kazi wamemwachisha Makau. Mzee Musau aliuliza kama mimi ningeendelea nayo, nami nimekubali. Samaki bado siwezi. Lakini kuna mtu lazima aangalie yale maji, na nimeshajifunza njia.

Makau anataka tupande pamoja, anasema mguu unaruhusu, atakaa kibandani anishauri. Nimemwambia atabaki hapa Mwiki.

Jana alipika chakula, wali na maharagwe, akanipakulia. Tukakaa mezani sisi wawili, na nikamwuliza lile swali ambalo limekuwa likinizunguka wiki nzima.

"Ungekula kweli?"

"Ningekula," akasema mara moja. Nadhani anajivunia jambo hilo. Nadhani anaona ni deni amelilipa.

"Na mtoto wa Idah?"

Akaweka kijiko chini. Nilingoja. Nilingoja hadi wali ukapoa, kisha nikaondoa sahani yangu. Leo nimemwuliza tena, naye akachukua magongo yake akatoka nje.